Haidrostatiki au gia: ipi itadumu kwenye trekta dogo?

"Habari fundi. Naomba mawazo kabla sijatoa hela. Nataka kununua trekta dogo la HP 25 hivi, lenye loda mbele. Eneo langu ni kama ekari kumi, nusu ni miti ya matunda na nyasi zinazotaka kukatwa mara kwa mara, nusu nyingine nalima, na kuna kipande kina mteremko mkali. Modeli ninayoitaka ipo ya aina mbili, ya gia na klachi, na ya haidrostatiki ya kukanyaga pedali tu. Mimi naipenda ya pedali kwasababu kijana wangu naye ataendesha, ila fundi ninayemuamini kaniambia nisithubutu, anasema haidro zinakufa mapema na pampu ikifa ndo trekta limekufa, gia ni chuma kwa chuma zinaishi milele. Mwingine ananiambia klachi ndo zinasumbua. Kuna pia la mtumba la haidro naonyeshwa, lina masaa 1,400, ukikanyaga linavuma kidogo. Nataka kitu kitakachokaa miaka 15. Nishike lipi?"

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela, maana hapa kuna mambo mawili yamechanganywa kwenye maneno uliyoambiwa. Jambo la kwanza ni ipi inaharibika mara nyingi zaidi. Jambo la pili ni ipi inauma zaidi mfukoni siku ikiharibika. Fundi wako kajibu la pili halafu akalitumia kana kwamba kajibu la kwanza. Kwenye la pili yuko sahihi kabisa na sitambishia. Kwenye la kwanza sikubaliani naye.

Tuanze na hesabu ndogo ya hiyo miaka 15. Trekta halizeeki kwa kalenda, linazeeka kwa masaa ya kazi. Mtu mwenye ekari kumi anayekata nyasi, anayebeba udongo na kulima kidogo, tuseme anafanya masaa 150 kwa mwaka, kwa miaka 15 hayo ni masaa 2,250. Haidrostatiki iliyotengenezwa vizuri na ikatunzwa inafika hapo bila kufunguliwa, na zipo nyingi zimepita hapo mbali tu. Giaboksi ya gia nayo inafika. Kwahiyo kwa masaa yako mimi sioni sababu ya kuiogopa haidro kwamba itakufa mapema, swali lako la kweli ni kazi gani itakula hayo masaa na nani atakuwa amekaa kwenye kiti.

Sasa ngoja nikueleze ndani kuna nini, maana ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Kwenye haidrostatiki injini inazungusha pampu. Ndani ya pampu kuna bloku ya duara yenye pistoni ndogo ndogo zimepangwa kuzunguka, na ncha za hizo pistoni zinateleza juu ya sahani moja ya chuma ambayo inaweza kulazwa upande. Sahani ikiwa imesimama wima bila kuinama, pistoni zinazunguka tu hazisukumi kitu, oili haiendi popote, trekta limetulia japo injini inanguruma. Ukikanyaga pedali unaiinamisha ile sahani, pistoni zinaanza kuingia na kutoka, oili inasukumwa kwenda kwenye mota ambayo nayo ina pistoni zake, mota inazunguka na trekta linaondoka. Ukiinamisha zaidi oili inakuwa nyingi, mwendo unaongezeka. Ukiinamisha kwa upande wa pili oili inageuka njia na trekta linarudi nyuma. Ndo maana hakuna kukanyaga klachi, hakuna kubadilisha gia, mbele na nyuma ni mguu tu.

Oili hiyo inazunguka kwenye njia iliyofungwa, inatoka kwenye pampu inaenda kwenye mota inarudi kwenye pampu. Kidogo inavuja humo humo ndani, na huo uvujaji ni wa makusudi kwasababu ndo unaolainisha zile sehemu zinazosuguana, kwahiyo kuna pampu nyingine ndogo ya kujazia ambayo kazi yake ni kurudishia oili iliyopungua, kwa kawaida ikiwa imechujwa na filta. Weka hii akilini maana mabaya mengi yanaanzia hapa, pampu ya kujazia ikikosa oili safi ya kutosha, pampu kubwa inaanza kujila yenyewe. Trekta likipata mzigo presha kwenye hiyo njia inapanda, bar 200 ni kitu cha kawaida na nyingi zinavuka hapo, na ndo maana zinawekwa valvu za kuachia presha ili kitu kisipasuke.

Watu wengi wanadhani ni otomatiki kama ya gari. Sio hivyo. Otomatiki ya gari ina mikanda na sahani za msuguano zinazoshikana na kuachiana kila gia inapobadilika, na hizo zinaisha. Haidrostatiki haina kitu cha namna hiyo kwenye njia ya kuliendesha trekta, nguvu inasafiri kwenye oili. Na sio kitu kipya cha kujaribiwa juu yako, kampuni ya International Harvester ililitoa trekta la 656 la haidrostatiki mwaka 1967, yaani zaidi ya nusu karne sasa wakulima wanazitumia.

Jambo lingine ambalo halisemwi, haidro nayo ina gia. Baada ya mota kuna giaboksi ndogo ya renji, yaani viwango vya mwendo, mara nyingi viwili au vitatu, ya chini, ya kati na ya juu, halafu kuna difu na gia za mwisho kwenye magurudumu. Kwahiyo unaponunua haidro hujakimbia gia, umeondoa klachi ya kuendeshea na gia za kubadilisha kila saa, na mahali pake ukaweka pampu na mota. Huo ndo ubadilishanaji wenyewe.

Na hizo gia za milele? Meno ya gia, ndiyo, yakikaa kwenye oili nzuri yanaishi muda mrefu sana, nimeona giaboksi za zamani mno meno yakiwa bado yana kingo zake. Lakini trekta la gia sio meno peke yake. Kuna sahani ya klachi, kuna beringi ya klachi, kuna prasha pleti, kuna uma za kusukumia gia, na kama ni aina yenye sinkronaiza, zile zinazosaidia gia kuingia bila kugonga, hizo nazo zinachoka. Klachi kavu ni kitu cha kuisha, imetengenezwa iishe, kama matairi yanavyoisha. Swali ni itaisha lini, na hapo loda ndo inakuja kuharibu hesabu.

Fikiria kazi ya loda. Unaenda mbele kwenye lundo, unachota, unarudi nyuma, unageuka, unaenda mbele, unamwaga, unarudi nyuma. Mzunguko mmoja tu wa kubeba udongo unakanyaga klachi mara nne au zaidi, na mara nyingi ukiwa karibu na lundo unaiachia nusu nusu ili trekta lisogee taratibu, hapo sahani inasuguliwa na inapata moto. Asubuhi moja ya kazi hiyo inaila klachi kuliko siku kadhaa za kulima, maana kwenye kulima unaingiza gia moja unaachia pedali na mguu unapumzika mpaka mwisho wa shamba. Na kwa trekta dogo kubadilisha klachi sio kufungua kifuniko, unalitenganisha trekta lenyewe katikati, injini upande huu giaboksi upande ule, unaweka stendi, unachomoa waya na mabomba, na loda inabidi ishushwe kwanza. Dereva mwenye tabia ya kupumzisha mguu juu ya pedali ya klachi anaweza kuimaliza mapema sana, na dereva anayejifunza ndo mwenye tabia hiyo. Nakuambia hivi kwasababu umesema kijana ataendesha.

Zipo za gia zenye shato ya umeme au ya haidroliki ambayo unasukuma kiwiko tu linatoka mbele kwenda nyuma bila klachi, hizo zinatumia sahani zilizoloa kwenye oili na zinavumilia loda vizuri zaidi ya klachi kavu. Ukipata modeli yako kwa namna hiyo liangalie kwa makini, ni njia ya katikati nzuri. Kwenye matrekta madogo sana lakini hazipatikani sana.

Sasa upande wa pili, haidro ina udhaifu wake na lazima niuseme wazi. Kusukuma oili kunapoteza nguvu. Gia kwa gia inapoteza kidogo sana, haidrostatiki inapoteza zaidi, na nguvu iliyopotea inageuka kuwa joto. Mfano unaoonekana kwenye karatasi ni Kubota L2501, injini ni ile ile, lakini kwenye PTO, yaani shafti inayozungusha vifaa kama mashine ya kukata nyasi, la gia linatajwa HP 20.5 na la haidro HP 19. Na hapo ni PTO, kwenye magurudumu tofauti inakuwa kubwa zaidi maana huko nguvu yote inapita kwenye oili. Kwahiyo kwa kuvuta jembe kutwa nzima, au haro nzito, au tela lililojaa kwenye njia ndefu, gia itafanya kazi zaidi kwa mafuta yale yale na haitapata joto. Mtu ambaye kazi yake ni kuvuta tu, namwambia chukua gia, simzungushi.

Joto ndo adui namba moja wa haidro, uchafu ni wa pili, na mara nyingi wanakuja pamoja. Oili ikipata joto sana inakuwa nyepesi kama maji, utando unaotenganisha pistoni na bloku unapungua, uvujaji wa ndani unaongezeka, trekta linapoteza nguvu, dereva anakanyaga zaidi, joto linazidi. Uchafu nao, chembe ambayo huioni kwa macho inatosha kukwaruza zile sura laini ambazo zinasuguana ndani, na kila mkwaruzo ni njia mpya ya oili kuvuja. Haidro nyingi ninazoletewa zimekufa mapema hazikufa kwa sababu ya ubovu wa muundo. Zimekufa kwasababu filta haijawahi kubadilishwa, au mtu kajaza oili ya injini kwasababu ndo ilikuwepo, au maji yameingia, au nyasi zimeziba feni ya kupoozea na hakuna aliyeangalia msimu mzima.

Na kuna kosa moja la uendeshaji ambalo nataka ulishike vizuri na umfundishe kijana siku ya kwanza. Trekta likishindwa kupanda au kusukuma lundo, mwili wa binadamu unasema kanyaga zaidi. Kwenye haidro ni kinyume. Kukanyaga pedali sio kuongeza resi, resi iko kwenye kiwiko cha mkono, kukanyaga pedali ni sawa na kupandisha gia. Ni kama baiskeli kwenye mlima, ukiweka gia nzito miguu inagoma, ukiweka nyepesi unapanda polepole lakini unapanda. Kwahiyo likilemewa, injini ikianza kushuka sauti, rudisha mguu kidogo, utashangaa trekta linapata nguvu na kusonga. Na kama hata hivyo linalia na halisogei, simama, shuka renji ya chini. Ukiendelea kulikanyaga likiwa limekwama, ile valvu ya kuachia presha inafunguka, oili inapita pale kwa nguvu bila kufanya kazi yoyote na joto linapanda haraka sana. Sauti ya kulia kwa uchungu ukiwa renji ya juu na mzigo mzito, hiyo ni trekta linakuomba ushuke renji.

Kwa matunzo, kitabu cha trekta lako ndo sheria, ila nikupe picha. Mabadiliko ya kwanza kabisa ya oili na filta ya haidro kwa matrekta mengi madogo ni masaa 50, na hayo ndo muhimu kuliko yote kwasababu vyuma vipya vinapooana vinatoa unga, usipoutoa unazunguka humo. Watu wanayaruka kwasababu trekta bado jipya linang'aa. Baada ya hapo ni kila baada ya masaa mia kadhaa kulingana na kitabu. Oili iwe ile ya matrekta inayotumika kwa giaboksi na haidroliki pamoja, yenye viwango vilivyotajwa na mtengenezaji. Filta nunua ya kweli, hapa usibane hela. Kabla ya kufungua kifuniko cha oili futa kwanza pale juu, vumbi linalodondoka kwenye tundu ndo linaenda kuzunguka kwenye pampu.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, kwenye matrekta mengi madogo oili ya haidro ndo hiyo hiyo inayoinua loda na kuendesha vifaa vya nyuma. Sasa ukiazima kifaa chenye silinda ya haidroliki kutoka kwa mtu, ukakiunganisha, oili yake iliyokaa kwenye mabomba miaka mingapi inaingia kwenye trekta lako. Na zile koplingi zikiwa zimelala kwenye udongo unazichomeka na mchanga wake. Futa koplingi kila mara, weka vifuniko vyake, na kama kifaa ni cha kuazima na hujui historia yake fikiri mara mbili.

Turudi kwenye gharama, maana hapo fundi wako anastahili haki yake. Pampu au mota ya haidro ikishakwaruzika, mara nyingi haitengenezwi kipande kipande gereji ya kawaida. Inatolewa nzima inawekwa nyingine, au inapelekwa kwa mtaalamu wa haidroliki mwenye chumba safi na vipimo vya presha, na bili yake inaweza kukaribia sehemu kubwa ya thamani ya trekta lililozeeka. Giaboksi ya gia inakuharibikia kwa hatua, beringi inaanza kulia, gia moja inaanza kuruka, unapata muda wa kujipanga, na fundi wa kawaida mwenye subira anaweza kuitengeneza kwa kununua kipande kilichokufa tu. Kwahiyo kabla hujalipia haidro ya modeli yoyote uliza maswali haya kwa muuzaji na usikubali jibu la juu juu: filta zake zinapatikana muda wote? Nani anafungua haidro za modeli hii, na yuko umbali gani? Kitengo kizima kikiagizwa kinachukua muda gani? Kama jibu ni kwamba hakuna mtu wa karibu anayeweza, hiyo ni sababu halali kabisa ya kuchukua gia, na mimi ningebadilisha ushauri wangu papo hapo.

Ikiwa majibu ni mazuri, kwa kazi ulizoniandikia mimi ningeshika ya haidro mpya. Kukata nyasi katikati ya miti unapunguza mwendo kila baada ya hatua chache, unarudi nyuma, unazunguka shina, na muda wote huo injini inabaki kwenye mzunguko ule ule wa PTO kwahiyo visu havipungui kasi, wakati kwenye gia ukitaka mwendo mdogo unasimama kubadilisha au unapunguza resi na visu vinapungua. Loda nimeshaeleza. Kwa kulima ile nusu nyingine utaenda polepole, renji ya chini, jembe linaloendana na nguvu ya trekta lako na sio la ndoto, na kama unatumia rotaveta hapo haidro inafurahisha kabisa maana unaweza kutambaa kwa mwendo wowote unaotaka. Ungeniambia kulima ni robo tatu ya masaa yako ningekuambia gia. Hujaniambia hivyo.

Mteremko sasa, na hapa sizungumzii tena uimara, nazungumzia uhai wa mtu. Haidro inashuka vizuri, ukilegeza pedali polepole inalishika trekta. Lakini usibadilishe renji ukiwa kwenye mteremko hata mara moja, kwasababu kiwiko kikipita katikati hakuna kitu kinachounganisha injini na magurudumu na trekta linakimbia lenyewe, breki za mguu ndo zinabaki, na kwenye nyasi zilizoloa hazitoshi. Kwenye la gia ni hivyo hivyo, gia ya kushukia unaichagua juu kabla ya kushuka na klachi huigusi njiani. Tumia magurudumu yote manne ukishuka maana breki nyingi za matrekta madogo ziko nyuma tu na kuunganisha mbele kunasaidia kushika. Kijana asiachie pedali ghafla akiwa na ndoo ya loda imejaa na iko juu, haidro inasimama kwa kishindo na trekta linaweza kuinuka nyuma. Ndoo chini, mkanda umefungwa, fremu ya kulinda dereva imesimama, hata kama unaenda hatua mia. Na ukiegesha vuta breki ya kuegeshea, haidro yenyewe haishikilii trekta ikiwa injini imezimwa, oili inavuja taratibu ndani na trekta linaondoka.

Lile la mtumba la masaa 1,400 lisikutishe kwa kuvuma tu. Haidro zote zinavuma, ni sauti ya pistoni zinazopokezana, na mzigo ukiongezeka sauti inapanda. Kinachonipa wasiwasi ni sauti iliyobadilika, kukwaruza, au kulia hata likiwa limesimama bila mzigo. Namna ya kulipima ni hivi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, gusa injini ikiwa baridi uwe na uhakika. Angalia oili ya giaboksi kabla halijawashwa, ikiwa ya maziwa kuna maji humo, ikiwa nyeusi inanuka kuungua limepikwa. Liwashe, liendeshe likiwa baridi, panda nalo mteremko kidogo usikie nguvu yake. Halafu lifanyie kazi ya kweli nusu saa au zaidi, chota udongo, kata nyasi, mpaka giaboksi iwe ya moto kwa mkono. Rudi pale pale kwenye mteremko. Haidro iliyochoka inakuwa na nguvu asubuhi na kunyong'onyea ikipata joto, hiyo ndo dalili kubwa kuliko zote, na muuzaji akikuonyesha kwa dakika tano huwezi kuiona.

Likiwa bado la moto, weka renji ya chini, resi juu, sukuma ndoo kwenye ukingo wa udongo uliosimama, kanyaga pedali taratibu. Kimoja kati ya viwili kinatakiwa kitokee, magurudumu yateleze au injini ishuke sauti itake kuzima. Hapo pampu ina nguvu kuliko ardhi au kuliko injini, ni nzima. Lakini kama injini inaendelea kunguruma vile vile, magurudumu yamesimama, na unasikia kulia tu, basi presha inapotelea mahali. Inaweza kuwa valvu, inaweza kuwa pampu yenyewe, na kwa macho huwezi kujua ni ipi, usilipie kwa kubahatisha. Kipimo hiki usikifanye renji ya juu ukalihukumu, huko hata zima zinagoma. Likisogea lenyewe kidogo ukiwa hujakanyaga, usikimbie, mara nyingi ni marekebisho ya fimbo za pedali tu. Na omba filta ya haidro itolewe ikatwe mbele yako, unga kidogo wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha sio kawaida.

Ukiona vipande, au oili ya maziwa, au nguvu inayopotea kwenye joto, hapo maelezo ya kuandikiana hayatoshi. Mtafute mtu wa haidroliki mwenye geji apime presha ya pampu ya kujazia kwanza halafu presha kubwa, namba hizo mbili zikilinganishwa na za kitabu ndo zitasema tatizo ni filta, valvu au pampu. Ikiwa ni trekta lako mwenyewe limefikia hapo, lizime siku hiyo hiyo na lisiendelee kufanya kazi, kwasababu pampu inayokwanguka inatuma chuma chake kwenye mota na unaishia kubadilisha viwili badala ya kimoja. Usiifungue pampu mwenyewe kwenye banda. Ikibidi kulivuta, weka kiwiko cha renji katikati kwanza, vuta polepole na umbali mfupi, ukilivuta likiwa kwenye renji magurudumu yanaizungusha mota kwa nguvu bila pampu ya kujazia kufanya kazi na unaua hata kilichokuwa kizima.

Na kwenye kulipima lile la mtumba nenda na yule yule fundi wako anayezipinga, jicho lake kali litakusaidia kuliko la mtu anayezisifia.